Miksa ya njia 12 inafoka "shiii": nitoe opampu zote niweke NE5532?

solda_jinja

Salaam mafundi. Miksa ya njia 12 ya kanisa iko mezani hapa Jinja, haina mchoro. Niliyoyaona ndani ni haya.

Umeme unatoka kwenye transfoma, unapita regileta (aisi za kutuliza volti) 7815 ya chanya na 7915 ya hasi, zisizo na bati la kupozea. Kwenye kila regileta zinaingia volti 24 na kutoka 15. Kila njia ina transista mbili za PNP kwenye ingizo la maikrofoni, halafu opampu (aisi za kukuza sauti, kila moja ina vikuzaji viwili) za 4558 mbili. Hizo ni 4558 ishirini na nne. Sehemu ya kuchanganya na kutoa ina opampu za TL072 sita, na rezista zinazoleta sauti ya kila njia kwenye kikuzaji cha kuchanganya ni 22k, sawa na ile ya fidibeki (inayorudisha tokeo la opampu kwenye ingizo lake).

Tatizo: vitelezi vya njia vyote vikiwa chini kabisa na kitelezi kikuu juu, inafoka "shiii". Kikuu kikishushwa, kimya. Kapasita kubwa za umeme ni mpya na hakuna mvumo.

Dukani Kampala wamesema ng'oa zote 30, weka NE5532. Wameniuzia pia opampu za LM4562 mbili kwa bei iliyokaribia ile ya 5532.

La pili, spika yenye amplifaya ndani ya kanisa hilohilo. Opampu zake zinapata umeme kutoka reli za umeme za volti ±35 kupitia rezista ya 1k na zena (dayodi ya kushikilia volti) ya volti 15 kila upande. Zilikuwa 4558 tatu, zikawekwa 5532 tatu. Sasa inavuma, na jioni umeme ukishuka inazidi.

Je, nibadilishe zote? Na spika ina nini?

---

bodi_ya_kahawia

Ndugu, usitoe zote 30. Ukitoa zote utapata kazi ya siku mbili, regileta zilizopikwa, na "shiii" ambayo ingeisha kwa aisi moja.

Dalili yako yenyewe imeshasema kelele iko wapi. Njia zote ziko chini, kwa hiyo maikrofoni, transista na zile 4558 ishirini na nne hazihusiki. Ukishusha kikuu inanyamaza, kwa hiyo hatua ya mwisho baada ya kitelezi kikuu haihusiki pia. Kinachobaki katikati ni kikuzaji cha kuchanganya, na hicho ni TL072 moja, nusu ya kushoto na nusu ya kulia.

Watu hushangaa kwa nini kikuzaji chenye ukuzaji wa moja kinapiga kelele. Sauti inakuzwa mara 1 kweli, 22k kwa 22k. Lakini kelele ya opampu yenyewe haioni rezista moja, inaona zote 12 zikiwa sambamba kwenda eathi, yaani 1.83k. Kwa hiyo kelele inakuzwa 1 + 12, mara 13. Na kushusha vitelezi hakusaidii, kwa sababu kitelezi kikiwa chini kinaiunganisha ile 22k moja kwa moja na eathi.

Sasa hesabu. Kelele ya joto ya rezista hizo zikiwa sambamba ni kama 5.2 nV/√Hz (nanovolti kwa kipeuo cha hetsi, kipimo cha kelele). TL072 ya kawaida ina 18. Zijumlishe kwa miraba, utafute kipeuo cha pili: 18.7. Zidisha kwa 13, unapata 243. NE5532 ina 5 za kelele ya volti, na mkondo wake wa kelele wa 0.7 pA kwenye rezista hizo unaongeza 1.2 tu. Jumla 7.3, mara 13 ni 95. Tofauti ni desibeli 8, na hiyo inasikika hata na mtu aliyekaa benchi la nyuma. Kwenye masafa ya 20 kHz, TL072 inakupa kama mikrovolti 34 za kelele, 5532 kama 13.

Angalia kwamba ingekuwa 4558 mahali hapo (kama 8 nV/√Hz kwenye datashiti ya RC4558), faida ingekuwa desibeli 2 na kidogo. Hapo ningesema acha. Aliyebuni miksa yako aliweka aisi ya kelele zaidi mahali pasipoivumilia, na ile ya kelele kidogo akaipeleka kwenye njia.

Badilisha basi TL072 ya mchanganyiko mkuu, na ile ya mchanganyiko wa monita kama wanaitumia. Zile zinazoendesha soketi za kutokea unaweza kuzibadilisha pia, si kwa ajili ya kelele bali kwa sababu TL072 haipendi mzigo ulio chini ya 2k, wakati 5532 imeundwa kusukuma omu 600. Nyingine ziache.

Za maikrofoni usiziguse kwa ajili ya kelele. Zile transista mbili za PNP ndizo zinazokuza kwanza, na opampu inayofuata inapokea sauti ambayo tayari ni kubwa. Hata ukiweka aisi ghali namna gani hapo, "shiii" ya maikrofoni itabaki ileile. Njia moja ikifoka kuliko wenzake, badilisha transista zake na kapasita ya kemikali iliyo kwenye voliumu ya ukuzaji.

Kuhusu joto la regileta. 4558 ishirini na nne kwa miliampia 3.5 na TL072 sita kwa 2.8 ni kama miliampia 101. Kila regileta inaacha volti 9, kwa hiyo inageuza wati 0.9 kuwa joto. Regileta ya umbo hili (TO-220) isiyo na bati hupanda kama nyuzi 65 kwa kila wati: nyuzi 59 juu ya joto la ndani ya kisanduku. Inavumilika. Ukiweka 5532 thelathini kwa miliampia 8 unafika 240, wati 2.16, nyuzi 140 juu ya joto la kisanduku. Regileta itajizima katikati ya ibada, irudi, ijizime tena, na utaanza kutafuta kosa kwenye aisi mpya. Ukibadilisha tatu tu unaongeza miliampia 16. Si kitu.

Bado weka bati, ni rahisi. Ila kumbuka mgongo wa 7815 ni eathi, na mgongo wa 7915 ni ingizo, una volti 24 za hasi. Ukizifunga zote mbili kwenye bati moja bila karatasi ya maika na bushi ya plastiki, utaona cheche.

Na kabla ya yote hayo: voliumu ya amplifaya kubwa ishushwe desibeli 6, halafu miksa ipandishwe kufidia. Makanisa mengi huweka amplifaya mwisho kabisa na miksa robo, halafu wanalalamikia kelele.

---

zena_mbale

Mzee hapo juu kamaliza ya miksa. Mimi nashika spika.

Piga hesabu ya rezista ile. Reli ni 35, zena ni 15, kwa hiyo volti 20 ziko juu ya 1k: miliampia 20 na si zaidi. 4558 tatu zilikuwa zinakula 10.5, zena ikibaki na 9.5 za kufanyia kazi. 5532 tatu zinataka 24. Mkondo wote umeliwa na aisi, zena imezimika, na reli imeshuka mpaka kama volti 11. Opampu bado zinafanya kazi kwa volti 11, ndiyo maana sauti inatoka na mtu hashuku kitu. Lakini zena ndiyo iliyokuwa inasafisha umeme. Ikizimika, mawimbi ya hetsi 100 yaliyo kwenye reli ya amplifaya yanapita moja kwa moja hadi kwenye pini za umeme za aisi, ya 8 na ya 4. Huo ndio mvumo wako.

Jioni umeme wa 240 ukishuka hadi 190, reli zinakuwa kama 27.7. Kwa 1k hiyo ni miliampia 12.7. Hata 4558 zenyewe zilikuwa ukingoni.

Hakikisha kwa multimita: weka kwenye DC, pini 8 dhidi ya eathi, kisha pini 4. Ukisoma chini ya 14 kwenye mojawapo, jibu ndilo hilo.

Una njia mbili. Ya kwanza na ndiyo ningechagua: rudisha 4558, au weka TL072, ambazo tatu zinakula 8.4 tu. Sehemu ile ya spika ni krosova (ya kugawa besi na twita) na toni, sauti inaingia ikiwa kubwa tayari, 5532 haileti chochote utakachosikia. Ya pili, ukitaka 5532 kwa lazima, weka omu 470 ya wati 2 badala ya 1k. Inapitisha miliampia 42, inageuza wati 0.85 kuwa joto, na zena inabaki na 18. Zena iwe ya wati 1, kwa mfano 1N4744A, kwa sababu ukiitoa aisi kwenye soketi wakati umeme umewaka, zena peke yake inabeba wati 0.63. Ile ndogo ya nusu wati itapasuka. Inua rezista milimita 5 kutoka kwenye bodi, na usiiweke karibu na kapasita ya kemikali.

Nyongeza moja, kwa sababu hili hurudi kila mara. Baadhi ya amplifaya zina opampu ambayo haipitishi sauti kabisa, inalinda tu tokeo lisiwe na DC kwenye spika. Wanaiita sevo. Huwa TL071 au TL072 na rezista ya 1M kwenye ingizo. Mkondo wa ingizo wa TL072 ni kama pikoampia 65, ukizidisha na 1M ni mikrovolti 65. Wa NE5532 ni nanoampia 200, na datashiti inaruhusu hadi 800. Mara 1M hiyo ni volti 0.2 mpaka 0.8, na zote zinaishia kwenye spika. Ukiona 1M karibu na opampu, ondoa mkono.

---

multimita_kampala

Ya LM4562 kwa bei ya 5532: kuwa na mashaka. Ila kagua hata hizo 5532, nyingi zinazouzwa rejareja zimefutwa maandishi zikaandikwa upya. Mtu anabadilisha 4558 kwa 4558 iliyovaa kanzu ya 5532, halafu anasema sikio lake limesikia tofauti.

Vipimo viwili havihitaji osiloskopu (mashine ya kuonyesha mawimbi).

Cha kwanza, aisi ikiwa mkononi, haina umeme. Multimita kwenye alama ya dayodi, waya mmoja pini 2, mwingine pini 3. 5532 halisi ina dayodi mbili zilizogeukiana kati ya ingizo hizo, kwa hiyo utasoma kama volti 0.6 hadi 0.8, na ukigeuza waya utasoma karibu hivyohivyo. Fanya pia pini 5 na 6. 4558 na TL072 hazionyeshi kitu upande wowote. Sekunde kumi, unaweza kuifanya pale kaunta ya duka kabla hujatoa pesa.

Cha pili, mkondo. Chukua betri mbili za volti 9 zilizoungana, katikati ndiyo eathi. Unganisha pini 1 na 2, pini 7 na 6, pini 3 na 5 ziende eathi. Hasi kwenye pini 4. Chanya ipite kwenye rezista ya omu 10 kwanza, ndipo iingie pini 8. Weka kapasita ya 100 nF kati ya 4 na 8. Pima milivolti juu ya ile rezista, kila milivolti 10 ni miliampia 1. 5532 huonyesha karibu 80, na 60 hadi 100 ni sawa. 4558 iko 30 na kitu. TL072 iko chini kidogo ya 30. LM358 huwa 5 hadi 12. LM4562 iko kama 100.

Aliye na osiloskopu na jenereta ya mawimbi aongeze cha tatu: wimbi la mraba la volti 10 kutoka kilele hadi kilele, opampu ikiwa bafa (ukuzaji wa mara 1), na umeme wa ±15. 4558 itachukua kama mikrosekunde 10 kupanda, 5532 kama 1.1, TL072 chini ya 1, na LM358 zaidi ya 20. Hapo hakuna aisi inayoweza kudanganya.

---

solda_jinja

Asanteni sana wazee. Pini 8 ya spika inasoma 11.2, pini 4 inasoma −11.4. Nimerudisha 4558, zinasoma 15.1 na −15, mvumo umeisha.

5532 kumi za dukani: sita zina dayodi na zinasoma milivolti 74 hadi 83. Nne hazina dayodi, zinasoma 33. LM4562 zote mbili zinasoma 28 na hazina dayodi.

Maswali mawili ya mwisho. Bodi ya miksa ni ile ya kahawia ya upande mmoja, nyimbo za shaba zinabanduka haraka. Na bila osiloskopu nitajuaje kama 5532 haitetemi, yaani haijitengenezei mawimbi yenyewe?

---

multimita_kampala

28 bila dayodi, hizo ni ndugu wa TL072 au kitu cha namna hiyo. Nne za 33 ni 4558. Usizitupe, zinafaa kwenye njia za miksa siku ikifa moja, lakini zifute maandishi uandike mwenyewe kwa kalamu, zisije zikakuchanganya mwakani. Sita ulizonazo zinatosha kazi yote.

---

bodi_ya_kahawia

Kwenye bodi ya kahawia usijaribu kuinyonya aisi nzima itoke salama. Ya zamani ni TL072, haina thamani ya wimbo mmoja wa shaba. Kata miguu yote minane kwa koleo ndogo, karibu na mwili wa aisi, mwili utoke. Kisha mguu mmoja mmoja: tia solda mpya kidogo, pasi iwe nyuzi kama 350, subiri solda iyeyuke, vuta mguu kwa kibano kutoka juu. Isizidi sekunde tatu. Ukikosa, acha ipoe, rudia. Matundu yasafishe kwa utambi wa shaba wenye flaksi, na usiusugue utambi juu ya shaba. Uweke, upashe, uinue ungali moto. Ukiusubiri upoe, unainuka na wimbo.

Soketi: kwa miksa inayokaa mahali pamoja, weka ile ya pini za mviringo zilizochongwa. Kwa miksa inayobebwa kwenye boda kila Jumamosi, na kwa spika yoyote yenye amplifaya ndani, solda moja kwa moja. Mtikisiko huitoa aisi kwenye soketi taratibu, na mguu ukigusa nusu unapata mkwaruzo usioeleweka.

Mwelekeo: alama ya nusu duara au nukta ni pini 1. Pini 4 hasi, pini 8 chanya. Pima kwenye soketi tupu kabla ya kuchomeka, usiamini alama iliyochapwa kwenye bodi. Ukiigeuza, aisi inakufa mara moja na inaweza kuondoka na rezista za umeme zilizo njiani.

Sasa mtetemo. 4558 na TL072 zina upana wa kama megahetsi 3. 5532 ina 10. Bodi iliyokuwa kimya na aisi ya polepole inaweza kutetema na ya haraka, kwenye masafa ambayo sikio halisikii na multimita yako haiyaoni. Dalili zake: aisi ina joto la kukufanya utoe kidole, wakati 5532 nzima huwa vuguvugu tu. DC ya ajabu kwenye tokeo. Sauti inakwaruza kwenye vilele peke yake. Redio ya jirani inaingia kwenye spika. Au twita inaungua bila sababu.

Kinga ni kapasita mbili kwa kila aisi. Ya kwanza ni 100 nF ya seramiki, X7R ya volti 50, chini ya bodi moja kwa moja kati ya pini 4 na 8. Isiende eathi, ivuke aisi yenyewe, miguu mifupi iwezekanavyo. Bodi nyingi za bei nafuu zina mbili za namna hii kwa safu nzima ya aisi, ziko sentimita 10 mbali. Kwa 4558 zilitosha.

Ya pili ni 47 pF sambamba na rezista ya fidibeki ya 22k, pini 1 hadi 2 kwa nusu moja na 7 hadi 6 kwa nyingine. Inakata juu ya kHz 154, mbali na sauti. Kwenye kikuzaji cha kuchanganya hii ni ya lazima, kwa sababu wimbo wa shaba unaokusanya njia 12 ni mrefu kama kiganja na vidole vyake, na wenyewe ni kapasita inayoning'inia kwenye pini 2. Kama ipo tayari, acha hiyo iliyopo.

Kwenye soketi za kutokea angalia kama kuna rezista ya omu 47 hadi 100 kati ya opampu na soketi. Waya wa mita 30 una kama nanofaradi 3, na opampu ikiusukuma bila rezista hutetema. Haipo? Kata wimbo, weka.

Kupima bila osiloskopu tumia ile rezista ya omu 10 ya dada multimita_kampala hapo juu, mara hii kwenye mguu wa umeme wa aisi ikiwa ndani ya bodi. 80 au karibu, shwari. Ikizidi 160, ama inatetema ama imegeuzwa. Gusa pini 2 kwa ncha ya bisibisi unayoshika kwa mpini wa plastiki: ikiwa mkondo unaruka juu na chini unapogusa, inatetema.

Na kabla ya kufunga kifuniko, pima DC kwenye tokeo la kikuzaji cha kuchanganya. Tarajia milivolti 5 hadi 15, inatokana na mkondo wa ingizo kwenye ile 22k. Hakikisha kuna kapasita kati yake na kitelezi kikuu. Kama haipo, kitelezi kitaanza kukwaruza ambako zamani hakikukwaruza, na watasema umeharibu. Mikrofaradi 22 ya kemikali inatosha, chanya ikitazama opampu.

---

sikio_la_entebbe

Mbona hakuna anayetaja OPA2134? Hiyo ndiyo yenye sauti ya joto. 5532 ni kavu.

---

bodi_ya_kahawia

Ssebo, OPA2134 ni aisi nzuri, na ina mahali pake. Ingizo lake ni la FET (transista isiyovuta mkondo), kelele 8 nV/√Hz, mkondo wa ingizo karibu hakuna. Kwenye kikuzaji hiki cha kuchanganya ingetoa 9.5 mahali 5532 inatoa 7.3, yaani mbaya kwa desibeli 2 na bei juu mara kadhaa.

Inashinda pale chanzo kina omu nyingi. Chukua gita au pikapu ya piezo yenye 100k. Rezista peke yake ni 41 nV. 5532 inaongeza 0.7 pA mara 100k, ambayo ni 70, jumla inafika 81. TL072 ya bei ya chini iko 44, desibeli 5 bora kuliko 5532. OPA2134 iko 42. Kwenye 10k mambo yanageuka, 5532 ni 15 na TL072 ni 22. Kwenye 1k, 5532 ni 6.4 dhidi ya 18. Kwa hiyo ukiniuliza "opampu gani nzuri" nitakuuliza "mbele yake kuna omu ngapi".

Ya joto na ukavu, zipime zikiwa na kiwango sawa cha sauti kwa multimita, si kwa sikio, na mtu mwingine akubadilishie bila kukuambia.

---

sikio_la_entebbe

Sawa, nakubali kwenye mchanganyiko. Gita langu bado ni la OPA2134.

---

zena_mbale

Kwa gita hamjapishana.

Niongeze tu pale ambapo 5532 haipaswi kuingia hata bure: taa za kuonya sauti imezidi. Pale opampu inafanya kazi ya kilinganishi, yaani kulinganisha volti mbili tu, pini 2 na 3 zinaachana kwa volti kadhaa. Zile dayodi za ndani zinafunguka, mkondo unapita kutoka ingizo moja kwenda jingine, na unarudi kuchafua sauti unayoipima. Miksa nyingi zina nusu ya 4558 au LM358 kwa kazi hiyo, na nusu ya pili ya aisi hiyohiyo inapitisha sauti. Fuata nyimbo mpaka uone LED.

LM358 nayo ikipitisha sauti, ile ina mkwaruzo wake wa kuvuka sifuri, unasikika sauti ikiwa ndogo. Kama huna mbadala leo, rezista ya 4.7k kutoka tokeo kwenda reli ya hasi inaupunguza sana. Kama una 4558 na umeme ni ±9 au zaidi, ibadilishe tu, pini ni zilezile. Lakini kwenye vibodi vya bluetooth vya volti 5, usiweke 4558, TL072 wala 5532, zote zinahitaji volti zaidi. Huko tafuta TL972 au MCP6022.

---

solda_jinja

Imefungwa: 5532 tatu, 100 nF chini ya kila moja, 47 pF nne, bati mbili tofauti kwa regileta. Milivolti 78, 81, 80. DC ya kikuzaji cha kuchanganya ni 9 kushoto na 11 kulia. "Shiii" imebaki ya kusikia kwa kuweka sikio kwenye twita.

Ila kulia ina "shiii" kidogo kuliko kushoto sasa. Hii ya kushoto inatoka wapi?

---

bodi_ya_kahawia

Hizo 47 pF ni za aina gani?

---

solda_jinja

Kulia zimeandikwa NP0. Kushoto nilimaliza, nikaweka za manjano za kutoka bodi ya DVD, zimeandikwa 47.

---

bodi_ya_kahawia

Kapasita haitoi "shiii", kwa hiyo anza kwa kubadilishana: aisi ya mchanganyiko izunguke na ya monita. "Shiii" ikihama, ni aisi. Isipohama, pima rezista 12 za upande wa kushoto umeme ukiwa umezimwa na pini 2 imeinuliwa. Moja ikiwa imeshuka thamani, au imeshika eathi kwa tone la solda, ukuzaji wa kelele unapanda.

Za manjano zitoe hata hivyo. Kwenye fidibeki weka NP0 tu, seramiki za kawaida thamani yake hubadilika na volti na joto, na ukizigonga kwa kucha zinaingia kwenye sauti.

---

solda_jinja

Tone la solda. Rezista ya njia ya 7, lilikuwa limeziba kati ya upande wa pini 2 na wimbo wa eathi kupitia rezista ya jirani. Nimelikata kwa kisu, pande zote ziko sawa.